Mwavuli wa Mama

Mvua ikianza Bergen, neno "mwavuli" hupanda bei.
Kaka yangu Torleif hulinunua hivyo hivyo, krona tisa kila mbofyo,
na duka letu hukaa juu kabisa, limebandikwa: Tangazo.
Saa nne usiku pesa zikiisha
tunazimika kama taa ya ngazini.

Mimi ndiye wa chini yake.
Miaka miwili naandika: jinsi ya kunyoosha ubavu wa chuma,
uzi gani haunywi maji, mpini upi haupasuki kwa baridi.
Simlipi mtu. Sikusomwa na mtu pia,
mpaka majuzi nilipopanda, ukurasa wa tatu, wa pili,
polepole, kama unyevu ukutani.

Jumapili tukagombana juu ya hesabu.
Akanisukumia orodha ya maneno aliyoyalipia:
fundi mwavuli, mwavuli bei nafuu, mwavuli leo leo,
na moja la saa tisa usiku, mbofyo mmoja tu:

mwavuli wa mama umevunjika je utapona

Nikanyamaza. Naye.
Krona tisa.

Usiku ule niliuandika ukurasa huo bila haraka,
nikaanza na wetu wenyewe,
wenye mpini wa pembe,
unaoning'inia bado nyuma ya mlango.