Chandarua cha Pili

Kinywe hakitoki kwa sabuni ya mche.
Nimesugua kwa jivu, kwa kumbi, kwa ndimu;
mistari ya viganja imebaki myeusi
kama ramani ya Ruangwa na vijito vyake.
Kazi yangu kupanga sampuli: boksi hili mita kumi na mbili,
lile mita arobaini. Jiwe laini, linabanduka
kama kitunguu mikononi mwa asiye na haraka.

Mdogo wangu Ausi aliondoka na kipande ndani ya soksi.
Huko theluji iliko hukibandua kwa selotepu
mpaka libaki tabaka moja, unene wa atomu.
Siku hizi amehamia kwenye molibdeni:
nusu hupitisha umeme, nusu hukataa.
"Dada, nimelaza tabaka juu ya tabaka,
la juu nikalizungusha kidogo, digrii tatu,
nikalipoza kupita baridi yoyote unayoijua.
Elektroni zimegoma kutembea."

Nikamjibu: zinadai mshahara?

Usiku umeme ukakatika.
Chandarua cha zahanati kimechanika,
nikatundika cha pili juu yake, kikakaa mshazari.
Nikawasha tochi ya simu.
Mungu wangu.
Matundu madogo juu ya matundu madogo
yamezaa maua makubwa ambayo hakuna aliyeyashona.
Nikikinyoosha cha juu, yanavimba;
nikikipinda zaidi, yanasinyaa.

Humo ndimo elektroni zinamokaa. Chache.
Hazipendani. Kwenye joto husukumana kama watu mnadani;
kukipoa, kila moja hushika ua lake, mbali na jirani,
kama mikorosho ya baba kule Nandagala,
hatua kumi na mbili, hatua kumi na mbili,
ila hapa hakuna aliyevuta kamba.

Ukiongeza kidogo, yanakuja mambo
ambayo Ausi mwenyewe huyawekea alama ya kuuliza:
kitu kisicho uji wala ugali;
umeme unaopita pembeni tu, katikati kimya;
na theluthi. Theluthi ya elektroni,
ilhali elektroni haikatwi!
Hilo nililielewa kabla hajamaliza.
Mimi, Somoe na Binasa tulikopa noti moja ya elfu kumi.
Hakuna aliyeichana,
na kila mmoja anadaiwa theluthi yake.

Asubuhi, gari la kazini likipiga honi,
nikaona vidole vyangu kwenye chandarua cha juu:
alama tano nyeusi.
Nilikivuta huku na huku. Maua yalihama yote,
zenyewe zilibaki kwenye uzi wake.
Sijakifua.