Kiti cha Mbele

Ofisi yangu ya tafsiri iko Ruwi, ghorofa ya kwanza,
juu ya duka la simu na fundi cherehani.
Agosti. Kiyoyozi kinatema maji ndooni.
Bi Shinuna binti Mbarak ameketi, pochi mapajani,
na fomu ya viza ya Uingereza imelala baina yetu
kama samaki wa kigeni: hatujui pa kuanzia kumpaa.

"Nisomee," anasema. "Miwani nimeisahau Mabela."
Namsomea kwa Kiswahili, maana Kiarabu chake
ni cha sokoni na cha sala, na Kiingereza
waliachana darasa la tano, Wete.

Jina la "privias".
Lililopita, nasema.
"Lipite liende wapi?
Jina langu halijavuka hata kizingiti."
Naandika: hakuna.

Anwani ya "foma".
Ya zamani, nasema. Ya awali. Ile ya kabla ya hii.
"Ipi? Nyumba ya Wete, mkabala na kisima?
Au Dubai, chumba kimoja, watu tisa?
Au Ibra kwa shemeji, tulikolala uani
tukihesabu nyota kwa kukosa cha kuhesabu?"
Fomu ina visanduku ishirini vya herufi.
Naandika W, E, T, E.
Kumi na sita vinabaki wazi,
naye anavitazama kimoja kimoja
kama mtu aliyepewa funguo za vyumba vitupu.

Mume wa kwanza: "eksi".
Hapa anacheka mpaka ushungi unamtoka.
"Si ndiyo ile alama ya kosa?
Mwalimu wetu akiitia kwa wino mwekundu.
Na kwa Hilali kweli nilikosa hesabu.
Itie. Itie mara mbili."

Kisha mume wa pili.
Neno lenyewe fupi, "leti",
nami miaka kumi na saba ya kazi hii
sijapata namna ya kulisema bila kukohoa kwanza.
Maana yake marehemu, nasema.
Ila kwao, neno hilohilo
ndilo la mtu aliyechelewa.

Kimya. Ndoo inasema to, to.

"Aliyechelewa? Suwedi?
Kijana, yule hajapata kuchelewa.
Adhana ya alfajiri ikimkuta keshatawadha.
Harusi za watu tulifika wenyewe wakifagia.
Na kila tukitoka, jua kama hili,
alishuka ngazi mimi ningali nasaka viatu,
akawasha gari, akafungulia baridi,
akaweka kiganja kwenye kiti cha mbele, changu,
mpaka kipoe, ndipo apige honi.
Moja tu.
Sisi mtu akifa tunasemaje?"

Ametangulia, nasema.

"Basi. Andika hilo."

Kompyuta hailijui. Inalipigia mstari mwekundu,
mwalimu wa Wete kafufuka.
Namweleza: ubalozi, kanuni, muhuri, leseni yangu.
Naandika "leti".
Analipa riali tano, chenji haitaki,
na mlangoni anageuka:
"Hao watu wakitembea, wafu wao wako nyuma?"

Sina jibu. Sijawahi kuulizwa.
Kabatini nina hati za vifo mia tatu na zaidi,
zote kwa mkono wangu, zote zimepigwa muhuri,
na katika zote nimewaacha watu njiani
wakihema, wakijaribu kutufikia,
ilhali kwa mama zao walikuwa mbele,
migongo yao tu ndiyo ikionekana.

Dirishani namwona akivuka hadi kwenye gari la mjukuu.
Anafungua mlango wa mbele.
Anaweka kiganja kitini, anakiondoa upesi,
anakirudisha.
Anasimama pale, juani, mlango wazi.

Kioo ni kinene, sauti haipandi huku juu.
Lakini kusoma ndiyo kazi yangu,
na midomo ya mjukuu naisoma, Kiarabu, nadhani:
Yallah, bibi. Tumechelewa.