Amekula Nini?

"Amekula nini?" akauliza muuguzi,
kalamu juu ya cheti, Mount Meru, saa tatu usiku.
Ndulele, nikasema.
Hakuandika.
Alikuwa mtu wa Pangani, mgeni wa baridi yetu,
sweta juu ya sare, na neno lile halikumwingia.
Bibi akanisukuma kwa kiwiko:
*Entulelei!*
kwa sauti ya kumwita ng'ombe kiziwi,
na mdogo wangu Saning'o akatapika
juu ya viatu vyangu, mbegu kwa mbegu.

Majina mawili, mtoto mmoja, cheti kitupu.
Nikachora hewani kwa kidole:
miiba hapa, hadi kwenye jani, ua la zambarau,
tunda la mviringo, hili alilichuma bichi,
halijawa manjano. Liko kando ya zizi, Ngaramtoni,
mbuzi hulipita kama halipo.
Mzizi wake bibi hutafuna jino likimuuma;
mtoto alimwona.

"Aa! Tunguja!"
Kalamu ikashuka.

Siku hizi nafanya kazi Tengeru,
nabandika majina kwenye majani yaliyokauka.
Wanasema ndulele ndiye yuleyule wa bibi:
Kiswahili kilimkata *e* ya mbele na *i* ya nyuma
kama anayemenya ndizi,
kikamla.
Tunguja lilipanda na nani kutoka pwani, sijui;
labda na chumvi, labda na mke.
Kisha liko la Kilatini, refu, la kwenye kibandiko:
*Solanum*. Wapo wanaodai maana yake ni faraja.
Nilimuuliza Bwana Mfinanga, akaguna:
"Waliolitunga wamekufa. Andika."
*Incanum*, lenye mvi. Hili halina ubishi.
Geuza jani utazame tumbo lake,
ule weupe wa majivu yaliyopoa:
ndivyo kilivyokuwa kichwa cha bibi
alipovua kitambaa usiku ule
akampepea mtoto hadi adhana ya alfajiri,
bila kusema neno katika lugha yoyote.

Saning'o alipona. Anauza mbao Sakina,
ana kitambi, ana deni, ana mapacha.
Juzi tulikuwa tukipita nyuma ya zizi la zamani,
nikamwonyesha kwa kidevu: unalikumbuka jina lake?
Akanitazama kama mjinga.
"Lile," akasema,
akatema mate pembeni,
akawashika wanawe mikono.