Peni ya Hamali

Baba alichonga msiba wa watu.
Jiwe jeusi la majabali ya Whitby,
jepesi kama mfupa wa ndege,
aliligeuza waridi, au mkono ulioshika mkono,
bizimu za wajane wa London
waliotaka huzuni ing'ae kidogo.
Vumbi lake halikutoka.
Mama alisugua kwa sabuni, kwa mchanga,
kwa ndimu, siku tulipopata ndimu;
weusi ulibaki kwenye mistari ya viganja
kama mito kwenye ramani.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu aliponipeleka York,
shule ya mabinti,
karo ikilipwa waridi kwa waridi.
Huko nilijifunza Kifaransa,
kushona pasi na mshono kuonekana,
na kulitamka jina letu, Garbutt,
kwa sauti ya chini.

Usinihurumie. Nasimulia tu.

Likizo ya Pasaka. Stesheni ya nyumbani, moshi mzito.
Baba amekuja na koti la kanisani,
ameshalitupia sanduku langu begani
kabla sijamwamkia.
Lavinia Ormerod, binti wa wakili,
glavu zake nyeupe kama maziwa yasiyoguswa,
akauliza, "Yule nani?"

Nikasema: hamali.

Neno dogo. Wala halikunikwama.
Na kwa kuwa uongo hautembei bila mwenzake,
nilifungua kipochi, nikatoa peni,
nikaiweka kwenye kiganja kilichonilisha.
Baba aliitazama. Akagusa ukingo wa kofia.
"Ahsante, bibie."
Akanifuata hatua mbili nyuma
mpaka kona ya duka la nyama,
ambako Lavinia hakutuona tena,
na hapo akaniuliza kama nina njaa.

Riwaya za siku zile, nilizosoma kwa mshumaa wa wizi,
ziliwahurumia watoto kama mimi:
sura ya mwisho ilileta wosia, au homa ya toba,
au mzee alifumbua macho
akasamehe kwa sentensi ndefu.
Baba alikufa Jumanne, mimi nikiwa darasani
nikifundisha vitenzi watoto wa wenyewe.

Nilirudi nikapekua kila droo.
Nilitaka niikute, imetobolewa, imefungwa kitambaani,
kitu cha kunihukumu.
Patasi. Nta. Bili ya makaa.
Waridi lisilo na petali za upande mmoja.
Peni haikuwemo.

Labda aliinunulia mkate jioni ile ile,
nami nikaula,
nikasema umezidi chumvi.