Mguu wa Pili

Nimeshuka Mtwara na mguu mmoja.
Wa pili uko njiani bado, labda Addis,
labda umelala kwenye viti vya São Paulo
ukisubiri kuitwa jina.
Kichwa ni debe la maji alilobebeshwa mtoto:
kila hatua linamwagika kidogo.

Jua la hapa halibishi hodi.
Bajaji inanipitisha barabara pana kuliko magari yake,
nyumba zimeachana kama watu waliogombana
wakabaki kusalimiana kwa mbali,
halafu ghala, halafu ghala, halafu ghala,
magunia yamepangwa hadi yanagusa bati.
Dereva anataja: Ligula. Chikongola. Shangani.
Naitikia "naam" kila jina
kama mwanafunzi anayewaitikia watoro.

Mapokezi nimemwamkia binti shikamoo.
Binti wa miaka ishirini!
Akanitazama, akazitazama mvi,
akaamua kunihurumia: "Marahaba, babu,"
kisha akacheka hadi kalamu ikamdondoka.
Somoe, ndivyo kibandiko kifuani kilivyosema.
Kiswahili changu ni cha jikoni kwa mama,
kimekaa Recife miaka hamsini ndani ya mtungi mmoja,
hakijui kuwa kuna maneno yamekufa na mengine yamezaliwa.
"Unalipa kwa simu?"
Nikamkabidhi simu yangu.

Nimelala alasiri na viatu.

Nimeamka gizani, sijui ni giza la lini.
Tumbo linasema: mezani.
Mbwa amebweka mara tatu, akafikiri, akaongeza ya nne.
Na kuna harufu naijua.
Si ya shuka, si ya dawa ya mbu:
mabibo, yaliyoiva yakapitiliza,
utamu ule unaokwaruza koo,
uani kwetu kule, chini ya mti huu huu,
mama akiinama kuokota, "hata kwetu yapo,"
nami nikidhani ni upweke unamsemesha.
Kumbe mkorosho ndio mgeni.
Uliletwa huku na merikebu kutoka upande wetu,
mbegu mfukoni mwa mtu, kichwa kinauma,
ukaamka usiku usioujua,
ukapapasa mchanga, ukasema: haya.

Nje, mlinzi anaitwa Chitanda.
Redio yake ameifunga kwa mpira wa baiskeli,
anamenya ming'oko kwa kucha.
"Saa ngapi, bosi?"
Nimetazama mkono kabla ya kufikiri.
Mshale mfupi uko kwenye nane.
"Saa nane," nimesema, na aibu ikanishika:
saa hii sijaigusa tangu Recife,
kule ndiyo kwanza watu wanapakua.
Nikafungua mdomo nijisahihishe.
Chitanda amekwisha kubali.
"Nane. Kukucha bado."

Nimesimama nahesabu vidole kama mjinga.
Sita nyuma. Sita mbele. Nane ni nane.

Ndiyo maana ile saa ya ukutani,
aliyoondoka nayo Newala ameiviringisha kwenye khanga,
hakuirekebisha maisha yake yote.
Majirani wana saba, yeye ana moja,
nami nachelewa shule, napigwa rula,
naapa nikikua nitanunua saa ya kweli.
Watu walisema yule mwanamke hajui kusoma saa.
Nami nilisema. Kwa Kireno, asielewe.
Alielewa.

Chitanda amenisogezea bakuli.
Ming'oko haina ladha ya kujivunia:
ina chumvi, ina pilipili, ina udongo kidogo
ambao maji hayakuufikia.
Mimi nakula chakula cha jioni,
yeye anakula cha kufukuza usingizi,
mikono inagongana humo humo.

Mguu wa pili haujafika.
Nimemwomba asifunge geti.