Asilimia Thelathini na Moja

Baba yangu, Ingvald, haamini chombo kisichonguruma.
Siku nilipoleta gari la umeme uani kwake, Vadsø,
alilizunguka mara mbili, akapiga magoti thelujini,
akachungulia chini kama anayetafuta kuku mtoro:
"Bomba la moshi wameliweka wapi?"
Halina, nikamwambia.
"Basi halipumui," akasema, akaingia ndani kunywa kahawa.

Sikubishana. Mimi ni muuguzi wa majumbani:
sindano ya sukari kwa Solbjørg, bendeji kwa Aslak,
na yule bwana wa Kiberg asiyeumwa kitu ila upweke.
Usiku nachomeka waya ukutani, nalala.
Alfajiri gari limeshiba, na bei ya shibe hiyo
haifiki nusu ya anachomimina baba
katika Volvo iliyoizidi umri ndoa yangu, na talaka yake.

Lakini nisiseme uongo kwa kuwa nakipenda nilichonunua.
Baridi ikifika ishirini na saba chini ya sifuri
betri hunywea kama mkono uliovuliwa glavu.
Mia tatu za kwenye karatasi huwa mia na tisini barabarani.
Na mwaka ule wa msiba wa shangazi Torbjørg, Tromsø,
nilikuta foleni Alta: chaja mbili, magari saba.
Wanasema kawia ufike.
Nilikawia, nikafika,
jeneza limekwisha kushuka, binamu zangu wanakung'uta udongo mikononi.
Baba, aliyetangulia na Volvo yake, hakusema neno.
Angesema, ningepumzika.

Na yeye je, nimkumbushe?
Gari lake la petroli, majira yote ya baridi,
hulala na waya mdomoni: hita ya injini,
imechomekwa ukuta uleule.
Bila umeme hukohoa mara tatu, likanyamaza.
Miaka arobaini anachomeka,
na hajawahi kuliita la umeme.

Januari hii dhoruba ilifunga njia ya Vardø.
Nilisimama langoni, wa tisa katika msafara,
tukingoja katapila la theluji lituongoze.
Kioo kiliandika: thelathini na moja.
Nikazima redio, nikapunguza joto, nikajifunga blanketi,
nikapiga hesabu kama mjane na sarafu za mwisho wa mwezi:
nyumbani kilomita hamsini,
asilimia kumi na saba,
kumi na tisa upepo ukinikabili.

Ndipo nikaona taa za njano nyuma yangu.
Baba, na kofia yake ya manyoya, amezisikia habari redioni,
amebeba kidumu cha petroli, lita kumi.
Akasimama dirishani. Akakitazama kidumu. Akanitazama.
Nikacheka mpaka kioo kikaingia ukungu.
"Mkono ulikichukua wenyewe," akasema, akarudi garini kwake.

Saa ya pili theluji ilikuwa imelifukia bomba la Volvo.
Hapo mtu haachi injini ikiwaka akasinzia;
sumu ile haibishi hodi.
Akaizima. Akavumilia dakika kumi, za heshima.
Kisha mlango wangu ukafunguka,
akaingia na kidumu chake na baridi yake yote.

Joto lilitoka bila sauti.
Ishirini na nane. Ishirini na saba.
Aliikodolea macho ile namba kama matokeo ya mpira.
"Linakula kidogo," akasema baadaye.
Kwa baba, hiyo ni hotuba.
Na kwa kuwa hakuna kilichonguruma,
akaanza kusimulia, bila kuulizwa,
walivyosukuma gari bovu yeye na Torbjørg, mwaka wa sabini na nne,
kilomita nne, wakicheka, tangi tupu kabisa,
na kwamba kule makaburini aliniwekea nafasi kando yake
mpaka padri alipofunga kitabu.

Katapila lilikuja ikiwa ishirini na nne.
Nilifika nyumbani na sita.
Kidumu alikisahau kiti cha nyuma, au hakukisahau.
Gari zima linanuka petroli.
Sijakirudisha.