Chumvi ya Agosti

Jana pongo wawili, leo tandala,
na gari la Idodi bado halijapiga honi.
Mdegela anageuza sikio ndani nje
kama soksi ya mtoto,
polepole, gegedu lisichanike.
"Sikio likipasuka," anasema, "kichwa kimeshakuwa supu."

Mimi ni wa chumvi.
Gunia la tatu tangu Jumatatu.
Naisugua mpaka kwenye kope,
mpaka mikunjo ya mdomo, panapowahi kuoza,
na kila mkwaruzo kidoleni
unajitambulisha upya.

Usiku, Ipogolo, baridi ya kukata.
Mke wangu anasogeza ugali kwangu,
yeye anasogea upande wa pili.
Sabuni ya mche imeshindwa. Limau nalo.

Huko anakopelekwa tandala huyu,
ukutani, juu ya moto wa watu,
watamtia macho ya kioo
ambayo hayakuuona Ruaha ukikatika,
mchanga mweupe, na yeye akichimba kwa kwato.

Nakunja ngozi, nyama kwa nyama, manyoya nje.
Kibandiko anajaza Mdegela:
namba, tarehe, jina la mwenye risasi.
Mwandiko wangu, kwa vidole hivi, hausomeki.

Honi hiyo.